Turubai Jeupe Lisikutishe

Wasiwasi wa kuanza picha mpya hauishi kwa mazoea. Nimechora miaka mingi hapa Kisumu, na bado nikisimamisha turubai jipya tumbo hunikaza. Kwa hiyo sikushauri usubiri hofu iondoke. Nakushauri uipe mikono kazi kabla kichwa hakijaanza kubishana.

Sasa hivi naanza picha kubwa ya akina mama wanaoanika omena ufuoni Dunga. Kazi ya kwanza haikuwa kuchora. Nilivuta merikani juu ya fremu, nikiipigilia kutoka katikati ya kila upande kuelekea pembeni ili isikunjane, nikapaka gundi iliyozimuliwa kwa maji, kisha rangi nyeupe mara mbili na kupiga msasa. Kazi hiyo haihitaji kipaji, na ukiimaliza tayari umeshaanza.

Weupe ule usiuache ukukodolee macho usiku kucha. Chukua rangi ya akriliki ya kahawia, izimue kwa maji, paka turubai zima, halafu futa kwa kitambaa. Si suala la kujipa moyo tu. Juu ya weupe mtupu kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, kwa hiyo mkono unaogopa. Juu ya kahawia hafifu unaweza kwenda gizani au kwenye mwanga, upendavyo. Akriliki hukauka upesi katika joto letu, na usipoipenda unapaka juu yake. Rangi ya mafuta nayo hukaa vizuri juu ya akriliki. Akriliki juu ya rangi ya mafuta haishiki.

Kabla ya turubai, chora vijipicha vya ukubwa wa kiganja kwa mkaa: giza, kati, mwanga, basi. Pale Dunga nafumba macho nusu. Omena mbichi juu ya wavu huwa doa moja la fedha lenye ubuluu, na likishapigwa na jua hufifia kuwa kijivu. Mama aliyeinama kuzigeuza huwa umbo jeusi mbele ya ziwa, na pindo la leso yake hutupa wekundu kidogo kwenye samaki walio karibu. Nyuso zitakuja baadaye. Anayeanza na jicho la mtu atalihangaikia jicho hilo wiki nzima.

Bei ya rangi nayo huongeza hofu, maana kila ukifinya tyubu unaona pesa ikitoka. Hapo mimi humkumbuka msanii Mkenya Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka wa 1928 na kusomea sanaa Makerere. Alitengeneza kolaji, yaani picha za kubandika, za kupendeza kwa vipande vya karatasi za pakiti. Jaribio la kwanza lifanyie kwenye kadibodi ya katoni. Likiharibika, hujapoteza kitu.

Na tafadhali, usimtumie mtu yeyote picha ya tabaka la kwanza, hata rafiki wa dhati. Atasema "nzuri" au atanyamaza, na yote mawili yatakuvuruga.

Jioni, acha sehemu moja ndogo unayojua kabisa utaipakaje. Yangu leo ni kivuli cha beseni la bluu, na rangi yake iko tayari kwenye kikopo chenye kifuniko. Asubuhi usianze kwa kuitazama picha yote. Shika brashi, malizia sehemu hiyo, ndipo urudi nyuma hatua chache uangalie.