Uliza Tukujibu: Mbona chembe zangu hazilingani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia hapa Mbeya, natengeneza chembe ndogondogo za polistairini (aina ya plastiki) ndani ya ethanoli. Zikiwa peke yake zinatoka saizi moja safi kabisa, ila nikiweka divinailibenzini hata 1% tu, ili zifungamane zisije zikayeyuka, napata kubwa kwa ndogo na nyingine zimegandana chini ya chupa. Tatizo nini? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tatizo ni muda unaoitia hiyo divinailibenzini. Angalia chupa yako vizuri, mwanzoni stairini (malighafi ya polistairini), PVP (inayofunika chembe zisigandane) na AIBN (inayoanzisha mmenyuko) vyote vimeyeyuka unaona mpaka upande wa pili, joto likishashika 70°C unakuja ukungu wa bluu kwa mbali halafu inakuwa nyeupe pee. Pale kwenye ukungu ndo chembe zinazaliwa, na kipindi chenyewe ni kifupi mno. Ni kama mahindi, yakiota siku moja yanakua sawa, yakipishana kuota shamba zima linakuwa vipande vipande. Sasa kiunganishi, yaani hiyo divinailibenzini, kikiwemo toka mwanzo minyororo ya polistairini inafungamana mapema, inatengana na ethanoli kabla ya wakati, chembe changa zinakakamaa hazinyonyi stairini vizuri na PVP haiwahi kuzifunika, basi zinashikana na nyingine zinazaliwa kwa kuchelewa.

Dawa yake ilionyeshwa na timu ya Mitchell Winnik wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, mwaka 2004 na 2005: gawa kazi mara mbili. Anza na stairini bila kiunganishi, acha kama saa 1 hivi chembe zizaliwe zote, ndo uingize divinailibenzini iliyochanganywa na ethanoli, kidogokidogo, usimwage yote kwa mpigo. Mimi naipenda sana njia hii kwa sababu haidai mashine mpya, inadai subira tu.

Halafu kitu watu wa nyanda za juu wanasahau: Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, ethanoli inachemka kwenye 73°C hivi, sio 78°C ya Dar. Yaani kwenye 70°C uko mlangoni kabisa, kwahiyo funga kondensa (ya kupoza mvuke urudi chupani) na kipimajoto kikae ndani ya mchanganyiko wenyewe, maana ethanoli ikipungua saizi ya chembe nayo inabadilika. Moto wa wazi usiusogeze kabisa. Naitrojeni pitisha kabla ya kupasha, oksijeni inazuia mmenyuko.

Ukimaliza osha, kausha, tia chembe kidogo kwenye toluini, kimiminika kinachoyeyusha polistairini. Ambazo hazijafungamana zitayeyuka zote, zilizofungamana zitavimba tu na utaziona bado zipo kwenye hadubini.