Nikilia, nimekosa imani?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mume wangu alifariki mwezi wa nne, mvua ikipiga hapa Tukuyu usiku na mchana. Koti lake la mvua bado liko msumarini nyuma ya mlango. Nikiliona tu, nalia. Wenzangu wa kwaya wanasema Mkristo mwenye tumaini halii hivyo. Ni kweli?
Mama wa watoto watatu, Rungwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hao wanakwaya wameshika nusu ya andiko. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwaambia wasihuzunike. Ni waraka wa kwanza, sura ya 4, mstari wa 13. Wasomee, taratibu. Na Yesu alijua fika kwamba Lazaro anatoka kaburini muda si mrefu, bado akalia, tena mbele za watu.

Mimi nimezika watu wengi, na mara nyingi (Mungu anisamehe) nilihubiri harakaharaka niwahi usafiri. Nilipomzika mke wangu ndipo nilipoelewa. Mwaka mzima nilikuwa nikitoka kwenye viazi namwita mlangoni, nasikia kimya. Na ufufuo niliuamini vilevile, siku hizohizo. Tunangoja mwili uleule tuliouzika uinuke. Anayengoja hakatazwi kulia.

Koti liache. Siku kifungua mimba wako akiliomba aende nalo shambani, mpe, hata kama litamburuza.