Jibu: Nikikaa kutafakari, mawazo ndiyo yanazidi

Habari ndugu. Umesema ukitoka kazini unakaa dakika 20 kutafakari, lakini mawazo yanazidi badala ya kupungua. Yalinikuta hayo hayo. Kwanza angalia muda: 20 ni nyingi kwa anayeanza. Mimi nilishuka hadi 5, asubuhi, kabla sijashika simu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole hadi 6. Huko kutoa taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Wazo likija usipigane nalo, rudi kwenye hesabu. Kurudi huko ndiyo kazi yenyewe, hata iwe mara 30! Ukifumba macho ukapata hofu, yaache wazi. Ila kama usingizi umekata kabisa, muone daktari, hili peke yake halitoshi.