Filamu ndani ya kijumba: anza na skrini, kuta baadaye

Kijumba hapa ni nyumba ndogo ya mfano yenye skrini ndani, kama ya simu, inayoonyesha watu wake kwa filamu. Anayekijenga kwanza, kisha akatafuta pa kupachika skrini, huishia kubomoa. Pima sehemu ya skrini inayowaka tu, ndipo uchague uwiano. Kwa 1:12, yaani sentimita 12 halisi kuwa 1 kwenye kijumba, mtu wa sentimita 170 anakuwa na sentimita 14: anajaza simu iliyosimamishwa wima, utosini hadi nyayoni. Kwa 1:24 anabaki na 7, na simu hiyohiyo inatosha chumba kizima.

Usiibandike skrini dirishani. Mtazamaji ataona televisheni. Irudishe nyuma sentimita 4 au 5, na kingo zake uzipake rangi nyeusi isiyong'aa.

Mtu aonekane kasimama katikati ya samani? Hapo tumia mbinu ya kioo iliyovuma London mwaka 1862 kupitia mhadhiri wa sayansi John Henry Pepper. Laza skrini darini ikitazama chini, halafu inamisha akriliki angavu chini yake kwa nyuzi 45. Picha itaelea nyuma ya akriliki. Mwigizaji arekodiwe mbele ya kitambaa cheusi, na filamu uigeuze kushoto kulia, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Akriliki nene hutoa picha mbili zilizopishana, maana pande zote mbili huakisi. Milimita 1 inafaa, mradi kingo zishikwe zisipinde. Skrini ya LCD, yenye taa nyuma yake, huacha mstatili wa kijivu gizani; ya OLED, ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe, haiachi. Na supaglu weka mbali: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye akriliki.

Sauti ndiyo inayopuuzwa zaidi. Spika ya sentimita 4 iliyoachwa uchi hupoteza besi, kwa sababu mawimbi ya nyuma yanafuta ya mbele. Ifungie kwenye kisanduku kilichozibwa, mdomo ukitazama tundu. Wakati wa kuhariri, kata kila sauti iliyo chini ya Hz 150 (Hz ni mitetemo kwa sekunde; ikiwa michache, sauti ni nzito). Spika haiiwezi, na plaiwudi ya milimita 3 itatetemeka bure. Kisha cheza mlio unaopanda polepole kutoka Hz 150 hadi 1000, huku ukibonyeza kuta kwa kidole. Mahali ambapo mkwaruzo wa ukuta unaotetemeka unanyamaza chini ya kidole ndipo pa kutia gundi.

Simu inayochajiwa kutwa ndani ya boksi inaweza kuvimba betri, kwa hiyo kwa maonyesho marefu tumia skrini isiyo na betri, inayotumia umeme wa ukutani. Toboa sakafu, na bomba la moshi liwe wazi kweli, joto lipate pa kutokea. Malizia filamu kwa sekunde 2 za giza kimya: vichezeshi vingi hukwama kidogo vinaporudia mwanzo. Ukuta wa nyuma ushikwe kwa sumaku, si gundi. Waya utachomoka tu siku moja, nawe utahitaji kuufungua ukuta huo.