Saiprasi za Mteja Zimegeuka Kahawia: Nitajuaje Ugonjwa?

SWALI: Natunza bustani za watu. Mteja mmoja ana uzio wa saiprasi na misonobari mitatu, na yote imeanza kugeuka kahawia. Anataka nimtajie ugonjwa ili akanunue dawa. Nianzie wapi?

JIBU: Simama mbali kwanza, hatua 20 hivi, usiguse kitu. Ukahawia wenyewe hausemi mengi. Mahali ulipo ndipo penye habari. Ukiwa kwenye majani ya ndani tu, karibu na shina, pande zote sawasawa, na ncha za matawi ni kijani safi, mti unapukutisha majani yaliyozeeka. Msonobari huziacha sindano zake, yaani majani yake membamba, baada ya miaka michache. Hapo hakuna dawa ya kununua.

Ukahawia ukiwa upande mmoja tu, unaotazama barabara au ukuta unaorudisha joto, au eneo lililopigwa dawa ya magugu, uliza kilichofanyika hapo miezi iliyopita. Kuvu haina desturi ya kufuata mstari ulionyooka. Zaidi ya hayo, magonjwa mengi ya majani huchagua aina ya mti. Kama saiprasi na misonobari vimebadilika kwa wakati mmoja, shuku maji, udongo au mizizi kabla ya majani.

Sasa sogea karibu. Kwenye saiprasi, tafuta tawi moja lililokauka katikati ya mengine mabichi. Lifuate kuelekea shinani hadi pale uhai unapoanza, kisha kwangua gome kwa kisu. Gome lenye afya huwa na ubichi chini yake. Ukikuta sehemu ya kahawia iliyobonyea, inatoka utomvu unaonata, na juu yake kuna vidoti vyeusi, hiyo ni dalili ya donda la Seiridium, kuvu inayoua gome. Kama kukauka kumeanzia ndani kuja nje, na matawi yana masizi meusi, tafuta vidukari vya kahawia waliojipanga kwenye vijiti. Hao ni wadudu, na dawa ya kuvu haiwafanyi kitu.

Kwenye msonobari utahitaji lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Sindano yenye pete nyekundu ya milimita chache, kidoti cheusi kimepasua ngozi yake, ncha imekauka lakini kitako bado kijani: hiyo ni Dothistroma, kuvu ya sindano, na kwa kawaida huanzia matawi ya chini. Machipukizi mapya yakidumaa na kufa yakiwa na sindano fupi, vua ala iliyo kwenye kitako cha sindano utazame ndani, kisha kagua magamba ya koni za zamani. Vidoti vyeusi hapo ni alama ya Diplodia, kuvu inayoua machipukizi.

Mti mzima ukinyonyoka, fukua udongo kuzunguka shina sentimita 15 hivi na uinue kipande cha gome. Utando mweupe kama karatasi, wenye harufu ya uyoga, ni Armillaria, kuvu inayoozesha mizizi. Kunyunyizia majani hapo ni kumwaga pesa.

Sampuli ya maabara iwe na mpaka wa kilicho hai na kilichokufa, urefu wa sentimita 30 hivi. Wengi hukata tawi lililokufa kabisa, na maabara hukuta kuvu walaji wa mizoga waliofika baadaye. Ifunge kwenye gazeti kavu. Mfuko wa plastiki wenye unyevu huiozesha njiani. Ambatanisha picha ya mti mzima.

SWALI: Na matawi yaliyokwisha kukauka, yatachipua tena?

JIBU: Ya saiprasi, hapana, sehemu iliyobaki mbao tupu kwa kawaida haichipui. Mwambie mteja hivyo kabla hujashika mkasi, maana pengo litaonekana. Kata sentimita 10 au zaidi chini ya donda, siku ya ukavu, ukifuta mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 kila baada ya mkato. Donda likishafika kwenye shina kuu, ng'oa mti huo uokoe jirani zake. Kwa Dothistroma, dawa ya kuvu yenye kopa (madini ya shaba) hukinga sindano mpya zinaporefuka. Zilizokwisha kuwa kahawia hazirudi kijani, na mteja asipoambiwa mapema atasema dawa ni feki.