Usisafishe Kano, na Usiiamini Alama ya LYVE-1 Peke Yake

Wadogo zangu mnaoanza kuchunguza mishipa ya limfu kwenye uponaji wa kano: kila kundi jipya hurudia makosa yale yale, na gharama yake ni panya waliochinjwa bure na kingamwili (protini tunazotumia kutambua alama za seli) zilizokwisha bila jibu. Haya yaandikeni ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara.

1. Usisafishe kano. Najua mkono unavyowasha kuondoa ule utando laini na mafuta hadi kano ya Achilles ibaki nyeupe. Acha! Ndani ya kano isiyojeruhiwa ni shida kukuta mshipa wa limfu. Mishipa iko kwenye paratenoni, yaani ule utando unaoizunguka kano, na tishu legevu za pembeni. Ukishazibandua hizo, usije kuandika kwamba limfu haikuonekana. Toa vyote pamoja, tia wino wa histolojia upande wa ngozi, kisha zamisha kwenye paraformaldehaidi ya asilimia 4 (ya kuhifadhi tishu), usiku kucha, nyuzi 4 za Selsiasi.

2. LYVE-1 haitoshi. Hapa nawaomba mtulie, maana hapa ndipo tasnifu nzima huharibika.

LYVE-1 ni protini inayotumiwa kama alama ya mishipa ya limfu. Hukaa juu ya endothelia ya limfu, yaani seli za ukuta wa ndani wa mshipa, lakini hukaa pia juu ya makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) nyingi za kwenye tishu. Jeraha la kano la wiki moja limejaa makrofaji. Zikijipanga kati ya nyuzi za kolajeni, na kisu cha maikrotomu, mashine ya kukata tishu vipande vyembamba, kikazipitia kwa urefu, utaapa kwamba umeona mshipa mwembamba. Mwanafunzi anahesabu, grafu inapanda kisha inashuka, na kila mtu anafurahi kwa sababu ndivyo ilivyotarajiwa. Kumbe kilichohesabiwa ni mchochota (inflamesheni).

Ubaya ni kwamba kosa hili lina sura ya ukweli. Makrofaji zenyewe hutoa VEGF-C, protini ya ukuaji inayoamsha kipokezi chake VEGFR-3 na kuchipusha mishipa ya limfu. Kwa hiyo seli na mishipa vinaweza kuongezeka pamoja, na ukiziondoa makrofaji kwa klodronati, dawa ya kuziua, LYVE-1 itashuka kwa sababu mbili usizoweza kuzitenganisha. Upande wa pili, mchochota hupunguza LYVE-1 kwenye mshipa halisi, na mishipa mikubwa ya kukusanya limfu, ile yenye vali na misuli laini, huwa nayo kidogo sana au haina kabisa. Kipimo kimoja, uongo wa pande mbili.

Basi, kwenye kipande kimoja tia kingamwili za alama tatu: PROX1, alama ya seli za limfu ambayo huonekana ndani ya kiini cha seli; LYVE-1 au podoplanini (alama nyingine ya limfu) kwenye utando wa seli; na F4/80, alama ya makrofaji. Podoplanini nayo isiachwe peke yake, kwani fibroblasti za jeraha (seli zinazotengeneza kolajeni) huitoa. Hesabu mshipa pale tu viini vyenye PROX1 vinapozunguka uwazi na F4/80 haipo kwenye ukuta huo. Ukibaki na shaka, kata kipande cha mikromita 50 hadi 100 na upige picha tabaka kwa tabaka kwenye hadubini ya konfoka: mshipa huendelea, makrofaji huishia palepale.

Tishu ya kulinganishia iwe ngozi ya sikio la panya. Msitumie ini, jamani. Litawapa LYVE-1 kwenye sinusoidi (vijia vya damu vya ini) na PROX1 kwenye hepatosaiti (seli za ini), hata pale pasipo na mshipa wa limfu.

3. Kolajeni hung'aa yenyewe kwenye kijani. PROX1 ipelekeni kwenye rangi ya nyekundu ya mbali, ile ya 647.

4. Sitrati ya pH 6, ya kufichua alama ili kingamwili izifikie, ikichemka kwa nguvu, kano hubanduka kwenye slaidi. Nyuzi 60 usiku kucha ni salama zaidi, na slaidi ziwe zenye chaji chanya.

5. Wingi wa mishipa si utendaji wake. Mishipa mipya yaweza kuvuja, na picha ya histolojia haitakwambia. Pimeni mtiririko kwa indosianini ya kijani, rangi inayong'aa: mwanga wa kuiamsha wa kama nanomita 780, kamera inayopokea karibu nanomita 830, na mtazame tezi ya limfu nyuma ya goti. Kwa panya mdogo, sindano ya maikrolita 5 hadi 10 yatosha, tena polepole. Ukisukuma kwa nguvu, unapima kidole chako. Isoflureni, dawa ya usingizi, hupunguza mikazo ya mishipa ya limfu, kwa hiyo dozi na muda wa usingizi viwe sawa kwa makundi yote. Mguu unaotembea husukuma limfu kuliko uliofungwa, hivyo msilinganishe panya wa bandeji na panya aliye huru mkasema tofauti imeletwa na dawa mnayoijaribu. Hata dawa ya maumivu baada ya upasuaji, ikiwa ni ya kupunguza mchochota, itagusa kile kile mnachokipima; ichagueni kabla ya kushika kisu, na muiandike kwenye itifaki.