Sado ya kuwindia kulungu: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi wakuu. Mimi kijana wa Mwanza niko Columbus, Ohio, huku wenzangu kazini msimu ukifika wote porini kuwinda kulungu kwa upinde. Mmoja ananishauri niachane na kile kiti cha chuma cha kufunga mtini ninunue sado, ile mikanda ya kiunoni na mapajani unaning'inia kwa kamba. Sijawahi kuwinda hata sungura na urefu naogopa. Nianzie wapi? Na nyama yake mimi Mwislamu nitaila?

JIBU: Endelea kuogopa hivyohivyo kaka, itakusaidia.

Sheria kwanza. Ohio ukikata leseni mara ya kwanza lazima uwe umemaliza kozi ya uwindaji, au uchukue leseni ya mwanagenzi uwinde na mtu mzima mwenye leseni yake, na kibali cha kulungu unakinunua pembeni. Shamba la mtu unahitaji ruhusa ya maandishi, ya mdomo haihesabiki.

Sasa sado. Kamba ni mbili na hapa ndo watu wanachanganya. Ya kwanza inazunguka mti inashika pande mbili za kiuno, kama ya mafundi wa Tanesco wakipanda nguzo, hiyo unaivaa ukiwa bado chini na unapanda nayo huku unafunga vipande vya ngazi kimoja kimoja. Ukifika juu simama kwenye kibao, yaani kile kijukwaa kidogo cha kukanyagia unachofunga kwenye shina, funga ya pili usawa wa kichwa chako hivi, ipige karabina (ile pete ya chuma inayofunguka na kujifunga) kwenye mkanda wa mbele wa sado, iegemee na uzito wako wote uone imeshika, NDIPO ufungue ya kwanza. Kushuka unafanya kinyumenyume. Hakuna hata sekunde moja uko mtini bila kamba! Na isilegee, maana ikiwa na nafasi ukiteleza unadondoka kwanza halafu inakudaka ghafla, mgongo utakuambia.

Msimu wa upinde unaanza mwisho wa Septemba kwahiyo Agosti nzima fanya mazoezi kibao kikiwa usawa wa goti tu, kama unakaa apatimenti tafuta mshkaji mwenye mti uani. Magoti yatauma, nunua pedi. Nyonga zikibanwa cheza na mkanda wa makalioni mpaka ukae vizuri. Piga mishale ukiwa unaning'inia, kama unatumia mkono wa kulia basi kushoto kwako ni rahisi, kulia ndo shughuli inabidi uzunguke shina.

Usishindane urefu na hao wenzako, mita 4 au 5 zinakutosha, mti uwe mzima sio mkavu. Utamu wa sado ni kwamba shina linakaa kati yako na mnyama. Lakini pua yake huifichi na shina, upepo utoke kwake uje kwako, upepo ukigeuka shuka nenda nyumbani tu. Akija subiri akupe ubavu, lenga nyuma ya bega kwenye mapafu, akiwa chini kabisa ya mti mwache asogee. Ukishapiga tulia nusu saa ndo ufuate damu.

Nyama: taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia mshale, ukimkuta bado yu hai mchinje. Maswali mengine ya halali muulize shehe wa msikiti wako.

Halafu nunua kizibao cha rangi ya chungwa, siku za msimu wa bunduki ni lazima hata kwa mwenye upinde.